Kitabu Kisicho na Muhuri Hata Mmoja

Kwenu mnaobaki pale kaunta. Nilipokabidhi maktaba ya chuo mwezi uliopita niliwaachia funguo tano, mihuri miwili, mashine ya kutoboa karatasi ambayo haitoboi, na daftari la vitabu vyote tulivyo navyo. Katika daftari hilo kuna namba moja niliyoizungushia duara kwa wino mwekundu. Mkaguzi akiuliza duara hilo ni la nini, msimwambie kwamba madam alizeeka mkono ukateleza. Mpeni karatasi hizi asome.

Sitaandika habari za vyeo, kwa sababu havikuwa vingi, wala za mshahara, kwa sababu mnaujua. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, nilivyoikosea mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na vitabu vya kumpa mwanafunzi anayekuja kaunta na uso mrefu akisema anasoma Kanuni za Lugha za Programu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na kalamu mbili mpya, nikitarajia kuonyeshwa meza. Mkutubi mkuu wakati huo alikuwa Mama Desai, mzaliwa wa hapa hapa Nakuru, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa mjini. Hakunionyesha meza. Alinipa kitambaa chenye unyevu, akanituma nipanguse rafu ya kilimo, kisha nirudi nimwambie wasomaji wanasoma sura zipi.

"Nitajuaje bila kuvifungua?" nikamuuliza.

"Usifungue. Funga kabisa, halafu tazama ukingo."

Alishika kitabu kikiwa kimefungwa, akanigeuzia upande ule ambao kurasa zote zinaonekana kama ukuta mmoja mweupe. Haukuwa mweupe wote. Katikati kulikuwa na mstari wa rangi ya chai, upana wa kidole. Akakifungua pale, na tukajikuta kwenye homa ya maziwa ya ng'ombe. Nusu ya mkoa ilikuwa imepitisha vidole pale. Kurasa za bata mzinga hazikuguswa na mtu.

"Muhuri unakuambia nani alitoka na kitabu," alisema Mama Desai. "Ukingo unakuambia nani alikisoma. Usichanganye."

Nikasema ndiyo, Mama. Nikaishi na somo hilo miaka yote, nikalisahau siku moja tu.

Kozi ya kompyuta ilipoanza chuoni, ilikuja na mwalimu wake, Bwana Ombati, mtu mwembamba anayevaa sweta hata Februari, ambaye hunyoosha chaki kwenye kisanduku kabla ya kuanza kufundisha. Somo lake gumu kuliko yote lilikuwa hilo la Kanuni. Nilimuuliza linahusu nini, maana siwezi kununua vitabu vya somo nisilolielewa hata kwa mbali. Alinieleza vizuri. Alisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa lugha moja ya kuiamrisha kompyuta, kama dereva anayefundishwa gari moja. Kanuni ni somo la kufungua boneti: magari yote yana nini kinachofanana, na kwa nini hili lina gia hapa na lile lina gia pale. Jina linafungwaje kwa namba. Kazi moja, yaani kipande cha maagizo kilichopewa jina, inaiitaje nyingine. Nani anafagia vitu visivyotumika tena.

"Na wanafunzi wanalipenda?" nikauliza.

"Wanaanguka," alisema.

Mwanzoni mwa 2007 aliniletea orodha ya vitabu tisa. Vya somo hilo tulikuwa na vitatu tu. Kikubwa kati yavyo kilikuwa na jalada la kahawia na uzito wa tofali, na darasa lilikiita Gogo. Mwisho wa muhula nililishika Gogo likiwa limefungwa, nikautazama ukingo. Ulikuwa mweusi mpaka ukurasa wa arobaini. Kuanzia hapo ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kiwandani. Nikampelekea Ombati ofisini.

"Darasa lako limefia ukurasa wa arobaini," nikamwambia.

"Hao ni wavivu."

"Wote kumi na mmoja? Walikaa mkutano wakakubaliana wachokee mahali pamoja?"

Akalipokea, akautazama ukingo, akafungua pale weusi ulipokatika. "Hapa ndipo alama za hesabu zinaanza," alisema. Kisha akanirudishia. "Wakaze."

Kitabu cha pili kilikuwa mwongozo wa lugha moja ya zamani. Cha tatu hakikuwa hata kwenye orodha yake. Kilikuwa chembamba, cha kijani, kilichokuja kwenye boksi la msaada pamoja na vitabu vya upishi. Mwandishi wake anamshika msomaji mkono na kumfanya ajenge lugha ndogo kabisa kwa penseli: leo inajua kujumlisha, kesho inajua majina, keshokutwa inajua kuita kazi. Nilikipa namba, ndiyo hiyo yenye duara jekundu, nikabandika karatasi ya mihuri, nikakiweka rafuni. Sikukifikiria tena hadi Desemba.

Desemba tunahesabu vitabu, mnajua, na tunaondoa vilivyokufa. Kanuni ya chuo inasema kitabu ambacho hakijakopwa tangu kinunuliwe kinaondolewa ili kupisha vingine. Mwaka huo uchaguzi ulikuwa umekaribia, kila mtu alitaka kufika kwao mapema, na mimi nilikuwa na siku mbili za kumaliza kazi ya wiki. Sikutazama ukingo wowote. Nilifungua jalada la nyuma la kila kitabu, nikatazama karatasi ya mihuri, na kama ilikuwa tupu nikagonga muhuri wa KIMEONDOLEWA ukurasa wa kwanza na kukitupa kwenye katoni. Kile cha kijani nilikikuta rafu isiyo yake bila kujiuliza kwa nini, na karatasi yake ilikuwa tupu kabisa. Nilikigonga. Nakumbuka muhuri ulitoka vizuri, wino haukusambaa.

Vurugu za Januari 2008, baada ya kura, hazihitaji mimi nizieleze. Chuo kilikaa kimefungwa wiki nyingi. Kilipofunguliwa, wanafunzi walirudi mmoja mmoja, wengine na begi dogo kuliko walilotoka nalo.

Naliaka alirudi wiki ya pili. Alikuwa msichana wa Elburgon mwenye tabia ya kuchomeka penseli kwenye nywele na kuisahau, hata nikawa namkopesha zangu huku tatu zikiwa kichwani mwake. Kanuni alikuwa ameanguka mara mbili. Chuo kinaruhusu mara tatu. Ya tatu ingekuwa Aprili, na akianguka jina lake linaondolewa na diploma yake ya miaka mitatu inabaki kuwa hadithi. Alienda moja kwa moja nyuma ya rafu ya kilimo, akakaa huko kidogo, akatoka.

"Madam, hiyo kitabu ya kijani iko wapi?"

"Kipi?"

"Ile ndogo ya Kanuni. Huwa iko hapo nyuma ya vitabu za bata mzinga."

"Nyuma ya bata mzinga? Rafu yake ni ile ya kompyuta."

Akatazama chini. "Sisi huificha huko."

"Nani, sisi?"

"Klasi yote. Tulikubaliana hakuna mtu ataikopa. Mmoja akiibeba hosteli, wengine kumi wataisoma wapi? Kwa hivyo tunaisomea hapa hapa, kwa zamu, halafu tunairudisha nyuma ya bata mzinga kwa sababu hapo hakuna mtu huenda."

Ninyi mnaojifunza kazi hii, someni tena maneno hayo. Kitabu hakikuwa na muhuri kwa sababu kilipendwa kuliko vyote. Nilikuwa nimeondoa kitabu pekee ambacho darasa zima lilikitungia sheria ya kukilinda, nikakiondoa kwa sababu ya sheria hiyo hiyo.

"Nilikiondoa," nikamwambia. "Desemba."

Hakulia wala hakubishana. Alichomoa penseli moja kichwani, akaigeuzageuza. "Nilikuwa nimefika chapta ya tano," alisema. "Hizo nne nilizielewa, madam. Mara ya kwanza nimeelewa kitu kwa hii somo."

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita.

Nilitafuta nakala nyingine kwa simu na kwa barua pepe, Nakuru na Nairobi. Hakuna. Mchapishaji alikuwa ameacha kukichapa. Ndipo nikachukua orodha ya katoni, ambayo kwa bahati niliiandika vizuri, na kuona kwamba katoni yenye kitabu hicho ilipelekwa Kamere, kwenye ziwa la Naivasha, kwa chumba cha kusomea ambacho kanisa moja liliwafungulia wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Nikaenda siku iliyofuata.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, na harufu ya samaki ilikuwa imeingia hadi kwenye Biblia. Aliyekitunza aliitwa Mama Akoth, na nampa sifa: daftari lake la wakopaji lilikuwa safi kuliko letu. Alipitisha kidole. "Ya kijani iko na Barasa. Ameirudia mara nne. Kila wiki analeta, nagonga, anabeba tena."

"Barasa ni mwalimu?"

"Barasa anapakia maua. Ngoja atoke saa kumi."

Barasa alitoka saa kumi na robo, kijana wa kama miaka thelathini, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kwapa. Nilijitambulisha na kumweleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza na kunionyesha muhuri.

"Hapa imeandikwa nini, mathe?"

"Kimeondolewa."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi." Akakifunga. "Mtu akitupa kiatu, mwingine akakivaa, hawezi kurudi aseme mguu wake una baridi."

Mama Akoth akacheka mpaka akakaa chini. Ningekuwa mahali pa Barasa ningesema hivyo hivyo. Nikamuuliza angalau anakitumia vipi, maana sikuona kompyuta popote.

"Kompyuta sina. Niliona moja shule, ilikuwa imefunikwa na kitambaa, tukakatazwa kuifunua." Akatoa kwenye mfuko rundo la karatasi, zile za lebo za maboksi ya waridi zilizoharibika, na nyuma ya kila moja mazoezi yameandikwa kwa penseli, mistari imenyooka, kila hatua ina namba. Alikuwa amefanya mazoezi yote ya sura saba. "Kitabu hakina majibu," alisema. "Kwa hivyo kila moja nafanya mara mbili, leo na wiki ijayo. Zikilingana naendelea."

Ninakiri nilikuwa nimekwenda Kamere kuchukua kitabu. Nilipoona karatasi zile niliacha kukitaka. Nikamweleza kwamba Naliaka ana nafasi moja tu iliyobaki, na amefika sura ya tano.

Barasa akafikiri. "Sitakiachilia," alisema. "Lakini Jumapili niko ofu. Kinaweza kuja nami."

Kwa hiyo Jumapili tano mfululizo nilifungua maktaba kinyume cha taratibu, jambo ambalo sasa naweza kuliandika. Barasa alikuja na kitabu ndani ya boksi la maua. Naliaka alikuja na penseli zake. Mara ya kwanza walikaa meza mbili tofauti. Barasa alikuwa na haya, na Naliaka alikuwa na mashaka.

"Wewe ulisomea wapi hii?" akamuuliza.

"Koldruum."

"Kold nini?"

"Chumba cha baridi, cha maua. Nikiwa break."

"Sawa, boss wa koldruum. Nieleze chapta ya tano."

Sura ya tano ilihusu jambo ambalo wanafunzi wote wa Ombati walilikosa: kazi ikitaja jina ambalo halimo ndani yake, jina hilo linatafutwa wapi? Pale kazi ilipoandikwa, au pale ilipoitiwa? Gogo linalieleza kwa kurasa kumi na tisa. Barasa alilieleza hivi:

"Shamba letu kuna Mary kwa kila nyumba ya maua. Nyumba ya nne iko na Mary, ya saba iko na Mary. Sasa supavaiza akiwa nyumba ya nne anaandika kikaratasi: mpe Mary makasi. Mimi nabeba kikaratasi mpaka nyumba ya saba. Nampa Mary gani?"

"Wa nne," alisema Naliaka. "Supavaiza akiandika alikuwa anafikiria huyo."

"Sawa. Hiyo ni lugha ya aina ya kwanza. Lakini kuna shamba zingine, ukisoma kikaratasi nyumba ya saba, Mary ni wa saba, supavaiza apende asipende. Hiyo ni aina ya pili. Kitabu kinasema aina ya pili inaleta vita."

"Inaleta aje?"

"Sababu Mary wa nne ameketi anangojea makasi."

Naliaka akaanza kucheka, kisha akachomoa penseli na kuandika. Aliandika karibu nusu saa. Mimi nilikuwa napanga kadi na kujifanya sisikii, na nikagundua kwamba nimeelewa pia.

Kutokana na Jumapili hizo, na kwa kuwasikiliza, nilipata orodha yangu mwenyewe, na ndiyo ninayowaachia. Ombati ameisoma, akaguna, akaniambia niiache kama ilivyo. Mwanafunzi wa Kanuni akija kaunta, msimpe kitabu kinene kwanza. Mpeni kile kinachomfanya ajenge lugha ndogo kwa mkono, hata kama ni chembamba na cha zamani. Hasa kama ni chembamba. Asiende kwenye kompyuta mpaka aweze kufuata programu kwa penseli hatua kwa hatua, kwa maana mashine hukupa jibu bila kukupa sababu. Akimaliza, mpeni mwongozo wa lugha moja fupi, ule ulioandikwa na watu walioitunga, na asome wote kutoka jalada hadi jalada kama riwaya. Ataona kwamba lugha ni maamuzi ya watu, na watu hukosea. Kisha apate kitabu cha lugha isiyofanana kabisa na ya kwanza, moja ya zile zilizojaa mabano, ambamo karibu kila kitu ni kazi inayoita kazi. Atachukia wiki ya kwanza. Mwacheni achukie. Anayejua lugha moja hajui ipi kati ya tabia zake ni lazima na ipi ni mazoea. Baada ya hapo ndipo Gogo linakuwa na faida, si kwa kusomwa mfululizo bali kwa kuulizwa maswali. Mwisho kabisa ni vitabu vya historia, vinavyoeleza kila lugha ilizaliwa kutatua shida gani. Wanafunzi huvikimbilia kwanza kwa sababu ni vitamu. Vifichwe. Nyuma ya bata mzinga pana nafasi.

Na jambo moja zaidi: wasome wawili wawili. Sijaona ukingo wa kitabu cha somo hili uliochafuka hadi mwisho kwa kidole cha mtu mmoja.

Mtihani ulifanyika Aprili. Naliaka alitoka akiwa ametulia. Mei matokeo yakabandikwa ukutani. Watu wawili walirudia somo lile. Mmoja alifaulu. Naliaka alipungukiwa alama tatu.

Alikuja kaunta asubuhi hiyo hiyo akiwa na karatasi yake ya majibu mkononi. Chuo kinamruhusu aliyeanguka mara ya mwisho kuitazama karatasi yake kabla jina halijaondolewa, na jina lake lingeondolewa kesho yake, Ijumaa, saa sita.

"Swali ya tatu nimepewa zero," alisema. "Ilikuwa na alama sita. Madam, sioni kosa. Nimeangalia mpaka naona herufi zinaruka."

Nitawapa swali lenyewe kwa maneno ya kawaida. Kuna jina x, na namba yake ni tatu. Kuna kazi inayoitwa ongeza. Ikiitwa, inaongeza mbili juu ya x, kisha inajibu x imekuwa ngapi. Je, x kujumlisha na ongeza ni ngapi?

Naliaka alikuwa ameandika: Ni nane kama upande wa kushoto unaangaliwa kwanza. Ni kumi kama ni wa kulia. Swali halisemi. Pembeni, kwa wino mwekundu wa Ombati, paliandikwa: Chagua moja. Na chini yake sifuri.

Mimi si mtu wa kompyuta. Sikuweza kujua kama hiyo ni akili au ni ujanja wa mtu asiyejua. Nikampigia Barasa simu. Ilikuwa saa nne, wakati wao wa chai.

"Soma polepole, madam, naandika kwa boksi." Nikasoma. Nikasikia mikokoteni ikipita nyuma yake. "Sema tena hapo mwisho." Nikasema tena. "Sasa kipi kinaangaliwa kwanza, kile cha kushoto ama cha kulia?"

"Swali halisemi."

"Hakuna mahali wameandika?"

"Hakuna."

Kalamu ikakwaruza boksi. Naliaka alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Sikuwa nimemwambia Barasa jibu lake.

"Basi hiyo ni nane, na pia ni kumi," alisema Barasa. "Kama ndoo iko na waridi tatu, ukihesabu kabla sijaongeza, unaandika tatu. Ukichelewa, unaandika tano. Ndoo ni ile ile. Chapta ya nane, mwisho. Mwandishi anasema usiulize mtu hivyo bila kumwambia aanzie wapi."

Nikamshukuru. Nikachukua karatasi, nikafunga maktaba mchana kweupe, nikamwambia Naliaka anifuate.

Ombati alikuwa ofisini anapanga chaki. Alituona, akajua.

"Madam, matokeo yamepita kwenye bodi."

"Najua. Nimekuja na swali la tatu."

"Jibu ni nane. Tunasoma kutoka kushoto. Hata wewe."

"Mimi ndiyo. Mashine je?"

Akamgeukia Naliaka. "Mwanafunzi akikosa jibu husema inategemea. Nimelisikia neno hilo tangu nianze kufundisha."

"Mwalimu, sikusema inategemea nikaachia hapo," alisema Naliaka. "Nilisema inategemea nini."

"Nani mwingine anasema hivi?"

"Mtu anayepakia maua Kamere," nikasema.

Nilidhani atacheka. Aliichukua karatasi, akasimama, akatoka. Tukamfuata hadi chumba cha kompyuta. Alikaa kwenye mashine ya dirishani, akaandika lile swali kwa lugha moja, mistari michache, akabonyeza. Kioo kikaandika nane. Akashusha pumzi. Halafu, na hili ndilo ninalomheshimia mpaka leo, hakusimama. Alihamia mashine ya zamani iliyo kwenye kona, akaandika swali lile lile kwa lugha nyingine, akabonyeza.

Kumi.

Akaandika upya, akidhani vidole vimemkosea. Kumi. Alikaa ameshika kidevu, akitazama kioo kimoja, kisha kingine.

"Nimeuliza swali hili miaka minne," alisema mwishowe. "Kuna mtu mwingine aliandika hivi, mwaka juzi. Nilimpa sifuri pia."

Alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Alikata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika sita pembeni, akatia sahihi na tarehe kama hundi. Kisha akasema twende wote watatu kwa mkuu wa chuo. Mlangoni alituambia tungoje nje, kwamba kosa ni lake na atalieleza mwenyewe. Alieleza kwa zaidi ya nusu saa. Tulimsikia mara mbili akisema, "Hapana, bwana, msichana yuko sawa."

Alipotoka alimpa Naliaka karatasi mpya yenye muhuri wa ofisi. Naliaka aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kiatu. Akaniomba simu, yake haikuwa na chaji. Alimpigia baba yake, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao huko kwao, na hata mimi niliyekuwa hatua tatu mbali niliusikia msumeno ukinguruma kwenye simu.

"Baba," alisema. "Baba, sikupati. Ambia hao watu wazime hiyo mashine kwanza."